Muhogo wa Askari Aliyeanguka

Mwaka ule mchele ulipotea Changamwe nzima, tukala muhogo asubuhi na jioni mpaka tukauchukia. Baba alikuwa vitani Burma. Alasiri moja wakaja watu wa serikali na sinema ya vita, wakatundika shuka ndani ya godauni lililonuka mbata za nazi, madirisha wakayaziba kwa magunia.

Nilikwenda na shangazi, kipande cha muhogo nimekifunga kwenye leso, kwani nilijua nitamwona baba. Askari mmoja alipoanguka, watu walipiga makofi. Mimi nikadhani ni njaa iliyomwangusha. Nikakimbilia nyuma ya shuka nimpe muhogo, ale ainuke. Nikakuta ukuta na vumbi tu.

Nyumbani nikamwambia mama, "Kesho twende sote! Ni nzuri wallahi. Mtu akianguka anapigiwa makofi."

Mama hakuinua macho kwenye muhogo aliokuwa akimenya. "Sitazami mtoto wa mwenzangu akianguka."

Nikamwona hajui raha. Baba hakurudi.

Juzi mjukuu wangu, msomi huyo, fahari yangu, kanisogezea simu. "Bibi, filamu ya vita hii, tamu kweli! Hebu tazama."

Nikamwambia, "Sitazami mtoto wa mwenzangu akianguka."