Fimbo Namba Tano

Chuma kilichosuguliwa kwa majivu na mchanga kina harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kusugua sufuria za sherehe hawezi kuijua. Inakaa kwenye kucha siku mbili nzima, inakufuata hadi kwenye chakula. Nilipokuwa na miaka tisa nilinukia hivyo karibu kila siku, na sikuona haya. Katika laini za wafanyakazi tulikokaa, kati ya Ruiru na Thika, hakuna msichana aliyeng'arisha sufuria kunishinda. Akina mama waliponisifu nilijifanya sisikii, huku nikizidi kusugua ili wapate sababu ya kunisifu tena. Nyumba zile zilikuwa mali ya klabu ya gofu ya Wazungu, nasi tulipewa chumba kimoja kwa sababu baba yangu ndiye aliyetengeneza fimbo zao, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa upande wa juu, ng'ambo ya ua wa miiba.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mkikuyu hakutoka nje ya mlango wake bila karatasi, na karatasi ya baba ilisema kwamba yeye ni fundi wa klabu. Kwa maneno hayo machache tuliendelea kukaa pamoja, mimi, baba, mama na wadogo zangu wawili, wakati majirani wengine walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, wengine bila hata kuruhusiwa kubeba mbuzi. Saa kumi na mbili jioni filimbi ilipigwa, na baada ya hapo hakuna aliyetakiwa kuonekana nje, awe mtu mzima au mtoto. Kwa hiyo michezo yetu yote ilibanwa kwenye saa moja ile ya kabla ya filimbi, tukimaliza kuchota maji na kutafuta kuni. Tulicheza kwa pupa, kama watu wanaokula wakijua sahani itaondolewa.

Baba aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Nyambura. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Vichwa vya fimbo za siku zile havikuwa na huruma. Kichwa kilikuwa ubapa mwembamba wa chuma, mnene kidogo mgongoni, katikati, na nguvu yote ilikaa hapo penye unene. Mpira ukigongwa na sehemu hiyo mkono hausikii kitu. Ukigongwa upana wa kidole kimoja pembeni, kichwa kinajipinda na mtetemo unapanda kwenye mpini mpaka kwenye meno. Tena upande wa shingo, pale mpini unapoingia, ni mzito kuliko upande wa ncha, basi kichwa hutaka kuegemea huko. Kazi ya baba ilikuwa kukituliza. Alitoboa vishimo vifupi mgongoni mwa kichwa, kimoja karibu na ncha, kingine karibu na shingo, akavijaza risasi, yale madini laini ya kijivu, kidogo hapa na kidogo pale, kila fimbo kwa kipimo chake. Hakutumia mizani wala hakuandika popote. Alishika fimbo kwa vidole viwili, akaiacha ining'inie, akasikiliza inavyovuta, na ikitulia alisema, "Sasa imelala."

Fimbo alizozipenda zaidi zilikuwa nane za mzee mmoja mkulima wa kahawa. Wafanyakazi walimwita Bwana Kabuti kwa sababu hakuvua koti lake zito hata jua la Januari likiwaka. Bega lake la kulia lilikuwa bovu, na kwa miaka mitatu baba alikuwa akiongeza na kupunguza risasi kwenye vichwa vile hadi vikalifaa bega lile na si la mtu mwingine. Bwana Kabuti hakuwa mtu wa kusifu. Lakini alikuwa mkubwa katika kamati ya klabu, na kila mtu alijua kwamba karatasi ya baba ilisimama kwa neno lake.

Jumamosi moja baba alitumwa stesheni ya Thika kuchukua mzigo wa ngozi za kufungia mipini, na mimi nikatumwa kufagia kibanda. Nikaziona zile fimbo nane zimeegemea ukuta, zina kutu na matope. Naomba mnielewe: mtoto aliyezoea kusifiwa akiona kitu kichafu, moyo unamdunda kwa furaha. Nikaleta majivu, mchanga na gunzi la mahindi. Nikasugua vichwa vyote vinane mpaka niliweza kuona meno yangu ndani yake. Mgongoni nikakuta uchafu wa kijivu umejibana kwenye vishimo, nao haukutoka kwa majivu, basi nikauchokoa kwa msumari, punje kwa punje, mpaka vishimo vyote vikawa safi. Ule uchafu uling'aa vizuri mahali nilipoukwaruza. Nikautia kwenye kopo, nikaenda nao nyumbani kuchezea. Mama alipochungulia kopo lile alishtuka, akaniuliza kama ninataka kutuua. Alijua ni risasi, na nyumba zetu zilikuwa zikipekuliwa wakati wowote. Nani angemwamini mke wa fundi kwamba madini yale hayakuwa ya kutengenezea risasi za bunduki? Akaikimbiza chooni, kwenye shimo, akarudi akipangusa mikono.

Baba aliporudi nilimwongoza kibandani nikiwa nimemshika mkono. Alizitazama fimbo zinavyong'aa, akatabasamu, akaichukua moja na kuigeuza. Tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yameshaondoka. Akaigeuza ya pili, na ya tatu, kisha akaketi juu ya debe.

"Maitu, ile kitu ya kijivu umeweka wapi?"

Nikamwambia. Hakunipiga, hakupaza sauti, na heri angenichapa, maana nilimwona akihesabu kimya kimya ni vipande vingapi na kila kimoja kilikuwa na uzito gani, naye hakukumbuka. Vishimo vingine vilikuwa vimejaa, vingine nusu, vingine robo. Bwana Kabuti angecheza Jumatatu asubuhi. Hata mimi nilielewa kwamba fundi aliyeharibu fimbo za mkubwa hana tena kazi ya ufundi, na kwamba mtu asiye na kazi ana lori linalomngoja.

Jumapili, tulipotoka kanisani, alinichukua kibandani. Alikata kipande cha bomba la zamani la risasi, akakiyeyusha kwenye mwiko wa chuma juu ya makaa. Akaning'iniza fimbo ya kwanza mbele yangu.

"Shika na vidole mbili. Funga macho. Inaenda wapi?"

"Kwa nini usishike wewe, baba?"

Akanionyesha ncha za vidole vyake, nyeupe na laini kama za mtu aliyefua nguo kutwa. Mwaka uliopita risasi ya moto ilikuwa imemmwagikia mkononi. Vidonda vilipona, akarudi kazini, na watu wakasahau.

"Hizi vidole hazisikii tena," aliniambia. "Mama yako hajui. Bwana hajui. Sasa wewe ndio unajua."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo, wala kabla wala baadaye. Nikafumba macho. Mwanzoni sikusikia lolote ila uzito wa chuma, lakini polepole nikaanza kuhisi kichwa kikinivuta, kwa upole, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake. "Kinaenda kwa shingo," nikasema. Akadondosha tone la risasi kwenye kishimo cha ncha, akaligonga kwa nyundo ndogo, akanirudishia. "Bado. Kidogo tu." Akaongeza. Na ghafla fimbo ikanyamaza mkononi. "Imelala!" nikapiga kelele, na baba akacheka kwa sauti, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia nyumbani tangu malori yaanze kupita. Kila tulipomaliza fimbo aliifunga uzi, akaitundika kwenye boriti kando ya timazi, ule uzi wa fundi wenye kizito nchani, akaikazia macho aone kama inaning'inia wima au inainamia upande. Aliniambia uzi unaonyesha kosa kubwa tu. Kosa dogo linajulikana kwa mkono. Tulikula viazi vitamu baridi tukiwa tumekaa juu ya debe moja, bega kwa bega. Nilimpenda sana baba yangu siku ile, na nilijua ninampenda, jambo ambalo watoto hawalijui mara nyingi.

Kazi ilikwenda pole. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumemaliza saba, na ya mwisho ilikuwa ile iliyopigwa chapa ya namba tano. Hiyo ilikuwa korofi. Mara ilivuta shingoni, mara ilivuta nchani, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Hapo ndipo nikasikia wenzangu ng'ambo ya ua. "Nyambura! Njoo, filimbi iko karibu!" Wakaita tena. Nikafumba macho, nikaishika fimbo, nikaihisi waziwazi ikivuta kuelekea shingoni.

"Imelala," nikasema.

Baba akaifunga uzi, akaitundika, akaitazama kitambo kirefu. Kisha akaishusha na kuiweka pamoja na zile nyingine. "Haya, maitu. Enda ucheze." Nikatoka mbio bila hata kunawa mikono.

Jumatatu nilimpelekea baba chakula cha mchana, nikamkuta Bwana Kabuti kibandani na koti lake, ameshika namba tano.

"Hii mingine iko mzuri," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii moja mbaya kabisa. Nani nafanya?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwekea mkono begani, mzito, nikafumba mdomo.

"Ni mimi, bwana. Mkono yangu ilikosa."

Bwana Kabuti akampa fimbo aishike, aseme mwenyewe inavutia wapi. Baba aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akaitazama tena. Angeweza kubahatisha. "Sisikii, bwana," akasema. "Vidole imekufa." Yule mzee akavitazama vidole vile kwa muda, wala sikuona hasira usoni mwake. Juma lile karatasi ya baba iliandikwa upya: kibarua wa nyasi. Chumba tuliachiwa. Lori halikutujia. Kibanda kilifungwa, fimbo zikawa zinapelekwa Nairobi, na baba akakata nyasi za klabu ile mpaka Uhuru ukaja na kumkuta bado anakata.

Uongo wangu niliubeba zaidi ya miaka thelathini. Nilimaliza shule nao, nikaolewa nao. Baba alizeekea kwangu, Ngoingwa, karibu na Thika, na kabla ya kila mlo nilimnawisha mikono, nikiyajaribu maji kwanza mimi, maana yeye asingejua yakimchoma. Siku moja, nikiwa nimevishika vidole vile, nikamwambia kwamba namba tano haikuwa imelala, na kwamba nilijua. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kuhusu hali ya hewa ya mwaka juzi.

"Ile? Niliona kwa uzi. Ilikuwa imeinama kabisa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wenzako walikuwa wanakuita, maitu. Na ilikuwa imebaki saa moja tu kabla ya filimbi."

Siku hizi mjukuu wangu anacheza gofu, na hakuna anayemuuliza karatasi anapopita langoni. Fimbo zake zimechimbwa mgongoni, uzito umeondolewa katikati na kusambazwa kingoni, basi hata akiugonga mpira vibaya kichwa hakijipindi sana na mkono haumuumi. Mashine ndiyo hupima, kwa gramu, wala haihitaji vidole vya mtu. Ni vizuri, sina kinyongo na mashine. Napita Gatongora, upande wa Ruiru, naona maghorofa yalipokuwa mashamba ya kahawa, na watoto wanacheza nje mpaka taa za barabarani zinawaka. Mimi nilipewa saa moja, na baba aliilipia kwa ufundi wake wote. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka tulicheza mchezo gani jioni ile. Sikumbuki.