Mjerumani wa Vitongoji Aliyeondoa Vichwa Ukumbini

Saa moja asubuhi, Vitongoji, kisiwani Pemba. Gudrun Wessolek amekaa kitako juu ya mkeka nje ya banda lake. Mbele yake umelazwa ubao mrefu wa mfenesi. Mkono mmoja umeshika patasi, mwingine nyundo ya mti. Anachonga jani. Anapuliza vumbi, anatazama, anaguna, anachonga tena.

“Jani hili lina kiburi,” analalamika. “Linataka kuwa uso.”

Ubao huo ni wa mlango wa chuo cha Kurani cha kijijini. Mchongaji ni mjane wa miaka sitini na sita kutoka Leipzig, Ujerumani. Majirani wanamwita Bi Guduruni, naye anaitika. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kipemba, na akivuka kwenda Unguja wenye maduka humcheka kabla hajamaliza salamu.

Kwao alisomea uchoraji, kisha akaingia kwenye uchongaji. Kwa miaka thelathini alifanya kitu kimoja tu: nyuso za watu. Alizichora kwa rangi, akazifinyanga kwa udongo, akazichonga kwenye mti. Sanamu moja ya kichwa cha shaba ikipata mnunuzi, aliweza kuishi nusu mwaka bila wasiwasi.

Pemba alikuja kwa wiki mbili, kuchora mikarafuu. Sasa ni mwaka wa tano. Alipanga nyumba ya Bi Mize, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akapanga vichwa vyake ukumbini, pale anapoingilia mgeni. Vilikuwa tisa. Cha katikati kilikuwa cha marehemu mama yake, kazi yake ya kwanza.

Watu walimpenda. Alipougua malaria, Bi Mize alimletea uji asubuhi na jioni. Lakini uji uliishia barazani. Bi Guduruni akikaribisha ndani, kila mtu alikuwa na haraka.

“Nilidhani nanuka,” anasema. “Nikawa naoga mara tatu kwa siku.”

Aliyemfundisha miti ya Pemba ni Mzee Hamad, fundi seremala wa kijiji. Mwaka juzi Bi Guduruni alitaka kumshukuru. Alimchonga uso kwenye mti wa mfenesi, kofia na ndevu vikiwemo, akaufunika kwa kanga mpya na kumpelekea siku ya Idi. Mzee Hamad aliipokea zawadi kwa mikono miwili. Alimwombea kheri, akamjazia sahani ya biriani.

Miezi ikapita. Siku moja Bi Guduruni alikwenda kwa mzee kuazima msumeno. Akaambiwa upo nyuma, karibu na banda la mbuzi. Alipochungulia bandani akakiona kichwa, kimekaa juu ya kichanja, kimefungwa ile kanga yake na kuvishwa mfuko wa nailoni kisivujiwe na mvua. Mbuzi wawili walikuwa wamelala chini yake.

“Nilicheka,” anasema. “Halafu nikalia.”

Mzee Hamad, ambaye tulimkuta akipiga randa, bado anaona haya akiulizwa.

“Zawadi haitupwi,” anasema. “Na sanamu ya ntu haikai ndani, miye nasali. N’fanyeje? Nkaona bora ikae na mbuzi.”

Jioni ya siku ile ya msumeno, Bi Guduruni alimbana Bi Mize mpaka akasema.

“Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye masanamu,” anaeleza Bi Mize. “Ntoto ndogo ajua. Ila weye mgeni, nani akwambie? Sisi twaona haya kumtia mgeni aibu.”

Hakuna aliyemwamuru afanye lolote. Nyumba ameilipia, na kazi ni yake. Lakini alikaa wiki nzima bila kushika patasi. Abaki na nyuso zake, au abaki na majirani?

Akamwandikia dada yake Leipzig, akaanza kufunga vichwa kwenye makasha ya kumpelekea. Vinane viliondoka kwa urahisi. Cha mama yake alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

“Iliniuma,” anasema. “Sitakudanganya kwamba haikuniuma.”

Kichwa cha Mzee Hamad nacho kilitolewa bandani, kikasafiri. “Mwenyewe hajavuka bandari ya Mkoani,” anatania Bi Guduruni, “lakini yuko Ujerumani bila pasipoti.”

Gharama yake aliilipa. Mwenye ukumbi wa maonyesho aliyekuwa akimuuzia kazi alimwambia kwa simu kuwa bila nyuso wateja watamsahau. Wamemsahau. Mwaka huu hajapata oda hata moja kutoka Ulaya. Anachonga milango na makasha pamoja na Mzee Hamad, na kipato kinatosha chakula na kodi, basi.

Na ukumbi wake mtupu wa nyumbani haukuleta watu. Mazoea hayavunjiki kwa siku moja. Bi Mize aliendelea kusalimia kutoka barazani.

Adhana ya adhuhuri inapoadhiniwa, Bi Guduruni anaweka nyundo chini. Bi Mize anatokea uani kwake, kaukunja msala chini ya kwapa.

“Hodi, Bi Guduruni. Kwangu wajukuu wanapiga kelele. Nasali hapa.”

Nyumbani kwa Bi Mize ni kimya kabisa. Anavua ndara, anapita ukumbini na kutandika msala pale katikati, bila kumuuliza mtu kibla kiko wapi.

Bi Guduruni anabaki kwenye mkeka, patasi mapajani, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Tunangoja mpaka atulie ndipo tunamuuliza ana mipango gani akimaliza mlango wa chuo.

“Mlango utakwisha tu,” ananong’ona, asimsumbue anayesali. “Kwanza nakwenda mjini Chake kununua msala. Ule kaja nao mwenyewe. Nataka kesho aje mikono mitupu.”