Siku Bi Tausi Alipohamisha Kura Yake

Mama mkwe wangu, Bi Tausi binti Mwinyijuma, alikuja kwangu Makorora, hapa Tanga mjini, kukaa siku arobaini. Mke wangu Asmahani alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Azza, na kama ilivyo kwetu, mama mzazi ndiye anayekuja kumkanda bintiye, kumpikia uji wa pilipili manga na kumwonyesha namna ya kumwogesha mtoto. Arobaini ikaisha. Mtoto akashikwa na homa, mama akasema ngoja apone. Akapona, akasema ngoja aote meno. Mara akazaliwa binti wa pili, Ghadir, hesabu ikaanza upya. Huu ni mwaka wa tisa, na muda wote huo ukimwuliza anaishi wapi, jibu lilikuwa moja: yeye ni mtu wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, hapa amekuja kutembea.

Mimi ni fundi wa feni na majokofu, na hasira zangu ziko karibu, majirani wote wanajua. Neno hilo la kutembea lilinichoma. Nilijiuliza nyumba yangu ina kasoro gani hata mtu akae miaka chungu nzima asikubali kwamba anakaa. Lakini mkwe habanwi kwa maswali. Tuliishi kwa haya, mimi na yeye. Nikitaka kuingia uani kwangu mwenyewe napiga hodi, naye akisikia sauti yangu anavuta kanga kichwani. Sahani moja hatukuwahi kula. Likiwepo la kusemwa, lilipitia kwa Asmahani.

Asmahani alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya kuugua wiki tatu tu. Tangu hapo maneno yakawa yanapitia kwa Azza, na mambo mazito huwezi kumbebesha mtoto, kwa hiyo mambo mazito hayakusemwa kabisa. Najua kuwa kwa dini ukwe haukatwi na kifo, na mama wa mkeo ni mama yako. Lakini nilijua pia kwamba mpwa wake kule Ushongo, Mselem, alikwisha kumwezekea chumba, na mara mbili amemletea salamu kwamba arudi kwao. Hapakuwa na kitu cha kumzuia. Kila asubuhi niliamka na hofu hiyo, kwamba leo nitakuta amefunga mkoba wake, na binti zangu watafiwa na mama mara ya pili. Wala sikumwambia kitu. Niliona kumwomba abaki ni kukosa adabu, ni kumtwisha mzee wa watu kazi ya kulea.

Sasa niseme habari ya kura, kwa sababu ndiyo iliyoyafumbua yote haya. Sijapata kuona mtu anayeiheshimu kura kama mama yule. Alianza kupiga enzi za chama kimoja, alama za wagombea zikiwa jembe na nyumba, na hajakosa uchaguzi hata mmoja. Kadi yake huifunga kwenye leso, leso huiweka ndani ya kasha pamoja na sanda yake. Uchaguzi wa mwaka elfu mbili na ishirini, magoti yakiwa yamevimba, alitoka kwangu baada ya alfajiri, akapanda basi hadi Pangani, akavuka mto kwa pantoni, akachukua bodaboda mpaka Ushongo. Alirudi kesho yake na wino kidoleni na pweza mkavu wa wajukuu. Nilifoka kupitia kwa mke wangu, nikasema kura moja ya mwanamke mmoja itamwangusha nani, itamwinua nani? Jibu likarudi kupitia kwa huyo huyo mke wangu: "Mwambie baba Azza, kwa miaka mitano naulizwa neno siku moja tu. Nikiulizwa nisijibu?" 

Mwaka huu gari la matangazo lilipita mtaani likisema aliyehama aende kituoni akabadilishe taarifa zake, siku ni saba, zikipita zimepita. Siku sita mama alinyamaza. Ya saba, asubuhi, akamtuma Azza aniambie kwamba bibi anakwenda shuleni kwenye kituo, na miguu inamuuma, kwa hiyo anataka mtu wa kumsindikiza. Niliacha jokofu la watu limefunguliwa tumbo. Nikatembea nyuma yake hatua kadhaa, kama inavyotakiwa, nikimwangalia anavyoyakokota yale magoti, na moyoni nikaomba Mungu iwe ndivyo ninavyodhani, kwamba anakwenda kujiandikisha kwangu.

Darasani mwandikishaji alikuwa kijana mmoja mstaarabu, Asheri, Mbondei wa Muheza. Alimwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili, akapokea kadi, akabonyeza namba zake. Mara uso wa mama ukatokea kwenye kioo cha mashine. Nilipigwa na butwaa. Katika mamilioni ya watu, kile kimashine kinachoenea kwenye sanduku moja kilimchomoa yeye, Tausi wa Ushongo, mashavu yamejaa, macho makali, vile alivyokuwa mwaka mmoja kabla ya kuja kwangu, Asmahani akiwa mzima. Mstari mzima nyuma yetu ulinyoosha shingo. Mama alijitazama kwa muda mrefu, akasema subhanallah, polepole sana.

"Kwa hiyo bibi umehamia hapa Makorora?" Asheri akauliza.

"La, mwanangu," akajibu. "Mie nimekuja kutembea tu."

Ulimi ulikuwa umezoea. Asheri akamweleza kwa upole kwamba aliyekuja kutembea hahamishwi, taarifa zake zitabaki Pangani, na kura ataifuata huko huko. Akamsogezea kadi yake. Nikaona mkono wa mama unafungua leso ili airudishe, nami nilijua hayo magoti hayatavuka tena mto kwa ajili ya kura na kurudi. Akivuka, amevuka.

"Miaka tisa unatembea, mama?" nikapaza sauti. Papo hapo nikajuta.

Bi Tausi akageuka. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe bintiye.

"Baba Azza," akasema, "aliyeniita ni Asmahani, na aliniita kwa siku arobaini. Asmahani hayupo. Wewe hujaniambia neno. Mie nitasemaje hapa ni kwangu?"

Hasira zote zikaniishia mwilini. Ile niliyoiita adabu, kwake ilikuwa mlango uliofungwa. Miaka miwili mama huyu ameamka kabla ya adhana, akasuka nywele za binti zangu, akawapeleka madrasa, akapika kwenye jiko ambalo hakuna mtu aliyemwambia ni lake, huku akingoja neno moja kutoka kwangu, na asilipate, na kesho yake akaamka tena. Nilimwogopa, nasema kweli. Nilimwona mkubwa kuliko lile darasa, nami na ubingwa wangu wa kufoka nikajiona mdogo wa kupigwa teke.

Nikavua kofia mbele ya watu.

"Mama," nikasema, "nakuomba ukae kwangu. Watoto watakua, wataolewa, wataondoka. Wewe ukae."

 Alisimama pale na leso mkononi, na mwanamke mmoja nyuma yangu akawa anavuta kamasi. Kisha mama akaisukuma kadi juu ya meza mpaka kwa Asheri.

"Andika nimehamia," akasema.

Asheri akamwelekezea kamera ya picha ya kadi mpya, akainama kwenye mashine yake, akaandika mtaa, akaandika kata. Naye sauti yake ilikuwa imeshuka alipomwuliza amehamia tangu lini.

"Tangu leo," mama akasema, akageuza uso kuitazama kamera.