Utenzi wa Utatu Kwenye Mazishi ya Kemunto

Nilitoka Nakuru Jumatano alfajiri kwenda kumzika Kemunto, mwimbaji wa kwaya yetu, aliyefariki kwa saratani kabla hajaolewa. Mimi ni katekista, na hutunga tenzi. Kemunto aliupenda mno utenzi wangu wa Utatu Mtakatifu, kwa hiyo mama yake alinipigia simu akaniomba niusome mazishini. Nami, nisifiche, nilifurahi. Loo, mtu mzima kufurahia msiba kwa ajili ya beti zake!

Hadi Keroka mvua haikukatika. Jeneza lilitutangulia, nami nikawa narekebisha vina ndani ya gari la parokia.

Saa tano tulifika kwao, Marani. Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango. Akanieleza kwamba kwa desturi yao binti asiyeolewa huzikwa pembeni kabisa, kwenye ua wa mpakani, kwa kuwa boma la babake halihesabiwi kuwa lake. Yeye alimtaka kando ya nyumba. Alikuwa amewasihi shemeji zake wakamnyamazisha.

"Wewe ni mtu wa kanisa, Mwalimu. Ukimaliza kusoma, waambie. Watakusikiza."

Nikamwahidi.

Saa saba nilisimama mbele ya waombolezaji:

Baba humpenda Mwana,
Na Roho wakapendana,
Mgeni wa nje hapana,
Wote wamekaribishwa.

Wakaitikia amina. Baba mdogo wa Kemunto, mzee mpole, akanishika mkono akasema nimewafariji sana. Nyuma yake niliona udongo mwekundu penye ua. Kaburi lilikwisha kuchimbwa. Mama alikuwa ananitazama. Nilijiambia mgeni haingilii mila za watu, lakini huo ulikuwa uongo mtupu: niliogopa kupoteza sifa nilizotoka kupewa. Nikaketi. Wakamzika pale pale, nyuma ya migomba.

Jioni nilikwenda kumuaga mama. Alikuwa anaosha sufuria, hakuinua macho.

"Umesoma kwamba kwa Mungu hakuna mtu wa nje," alisema. "Sasa mtoto wangu yuko wapi?"

Nilisema pole, nikaondoka.

Njia nzima ya kurudi Nakuru niliona aibu, na bado naiona. Miaka yote nimewafundisha watoto wa kipaimara kwamba Utatu ni upendo unaojitoa. Kule Marani niliombwa nijitoe kwa sentensi moja tu, nikashindwa.