Mchoraji wa Maua ya Uluguru

Mchoraji wa ghorofa yetu huchora maua ya Uluguru kwenye tableti. Dirisha lake linatazama mlima wenyewe, ila kila asubuhi hushusha pazia, maana anasema mwanga wa nje unamharibia rangi. Ana vidole vyembamba na kucha safi, na kila akimaliza jani moja hupuliza kioo taratibu, kisha hukifuta kwa kitambaa cha miwani. Huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. “Mimi na asili,” hutuambia sisi mafundi cherehani wa chumba cha pili, “tunaelewana.”

Wiki iliyopita Mama Regina, anayetuletea kabichi kutoka Mgeta, huko huko mlimani, aliiona picha kubwa ya ua ukutani kwa mchoraji, akacheka. “Baba, ua hili linaota kwenye miamba kule kwetu. Mbona lina petali sita? Letu lina tano.” Jumamosi akaja nalo, amelifunga kwenye jani la mgomba, mizizi ikiwa bado na udongo. Mchoraji akalipokea kwa ncha za vidole. Akahesabu petali, akarudia kuhesabu. Mabango ya maonyesho yake, yenye ua lile la petali sita, yalikwisha kuchapishwa, na Jumatatu mgeni rasmi anafungua. Mwishowe akamtazama yule mama kwa huruma.

“Ahsante, mama. Ila hili lako lina upungufu.”

Akashika kalamu ya tableti, akaanza kumwonyesha mahali petali ya sita ilipotakiwa kuota.