Bibi Yudita Anasubiri Mbao

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji mtoto akiwa mgongoni, nikamkatiza mwenyekiti kabla hajamaliza sentensi yake. Hapa kijijini mwanamke aliyeolewa kutoka nje hafanyi hivyo. Mimi nilifanya, na hata leo ningefanya.

Mwenyekiti alikuwa anatangaza kwamba mbao za msitu wa kijiji zitatengenezwa meza, kabati na viti vya ofisi. Mtu mmoja akauliza habari ya daraja. Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema, "Daraja lina haraka gani, ndugu zangu? Tangu lini mtoto akazama pale? Si Bibi yupo."

Watu wakacheka naye. Hawakucheka kwa dharau. Walicheka kama watu wanaomtaja ndugu yao wanayempenda, na hicho ndicho kilichonichoma. Uvumilivu wangu ulikatikia hapo.

Huyo Bibi ni marehemu. Kaburi lake liko nyuma ya kanisa letu, nimelipalilia kwa mikono hii. Najua unawaza nini unaposoma hapa. Mimi nimezaliwa Makambako, reli upande huu na lami upande ule, nimesoma mpaka kidato cha nne, na kwetu habari za wafu zilikuwa za kuwatisha watoto wasiotaka kulala. Sikutungii hadithi. Nakueleza jambo lililonipata mimi na mwanangu, macho yangu yakiwa wazi, tena mchana.

Kwanza nikueleze tunakoishi, maana hukujui. Hata wenzangu niliosoma nao Makambako hawakujui, wakisikia Lyavutwa wanadhani ni jina la dawa. Unapanda gari mpaka Njombe mjini, unashika njia ya Lupembe, unateremka mahali ambapo konda mwenyewe anakuuliza kama una uhakika, halafu unatembea. Utaona chai imefunika vilima, juu yake miti ya mbao, na huku bondeni viazi na maparachichi. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakuingia mpaka kwenye fizi. Ukungu unaweza kushuka saa nane mchana ukashindwa kuona jembe uliloshika.

Na watu wake ni wema, sitaki udhani nawatukana. Hata mliyegombana naye jana, leo asubuhi atakuamkia "kamwene", nawe utaitika. Nilipojifungua, majirani walinipasulia kuni na kuniletea viazi mpaka nikakosa pa kuviweka.

Ila kijiji kimekatwa na mto. Ng'ambo ya juu kuna shule, zahanati, ofisi na banda la kupimia chai, lori linapokuja kuchukua majani. Ng'ambo ya chini kuna nyumba zetu. Katikati kuna magogo mawili yaliyoota ukoga. Malori ya mbao hayaishi kutoka kwetu, yanakwenda kuezekea nyumba za watu Dodoma na Dar es Salaam, na sisi tunavuka kwa magogo mawili. Hebu lifikirie hilo kwanza, ndipo niendelee.

Siku yenyewe lori la majani lilichelewa. Ukishachuma chai huwezi kuondoka kabla haijapimwa, ikilala inakuwa nyekundu na hakuna wa kuipokea. Kwa hiyo nilisubiri bandani, roho iko shuleni. Mwanangu Faraja anasoma darasa la awali. Kila siku nampitia, namfunga mgongoni, navuka naye. Nilipofika, madarasa yamefungwa na mwalimu wake anahangaika na kufuli la ofisi.

"Kamwene, mwalimu. Faraja yuko wapi?"

"Bibi yake amempitia."

"Bibi yupi?"

Mwalimu aliendelea kulitazama kufuli. "Bibi tu, Mama Faraja. Usiogope. Teremka taratibu, huko chini kuna utelezi."

Mama yangu mzazi yuko Makambako. Mama mkwe wangu haoni, hata uani hatoki bila kushikwa mkono. Sasa niambie, wewe ungeteremka taratibu?

Nilikimbia. Ukungu ulikuwa umeshalala juu ya mto, siuoni, nausikia tu ukivuma. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, anaimba wimbo wa shuleni bila wasiwasi wowote. Nikasogea mpaka ukingoni, nikamwona. Yuko mgongoni kwa bibi mmoja mfupi, amefungwa mbeleko ya kaniki. Bibi yule hakuwa juu ya magogo. Alikuwa ndani ya maji, kiunoni, anatembea polepole pembeni mwa magogo, mkono mmoja umeyashika.

Na maji hayakuwa yanamgawanyikia. Mto wetu una nguvu, ukiingiza fimbo tu maji yanachanika pande mbili na kupiga povu. Kwake yalipita moja kwa moja, kama hakuna mtu.

Alifika ng'ambo, akamfungua mtoto, akamkalisha kwenye jiwe. Kisha akageuka, akaingia tena majini, akanirudia mimi.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

"Kamwene, bibi," nikaitika. Niamini, mdomo uliitika kabla akili haijafika. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa huku.

"Wewe pita juu ya magogo, mimi niko hapa chini. Nipe mkono. Usiyatazame maji, mtazame mtoto."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la chini ya mto, na ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Lakini alinishika kama mama anavyokushika mnapovuka barabara kuu. Unajua ule mshiko? Hofu yangu yote iliishia kwenye ule mkono. Tulipofika katikati akasimama, akawa anahema.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Siku hizi mto umekuwa mzito."

Ng'ambo alichuchumaa mbele ya Faraja, akamvua viatu, akawa anamsugua miguu kwa viganja vyake. Soksi zilikuwa zinachuruzika maji.

"Nimemlowesha," akasema, na hakuweza kunitazama. "Zamani sikuwa namlowesha mtu. Mkaushe motoni, asije akakohoa."

"Hapana neno, bibi. Asante."

"Mbao zimeletwa?"

"Mbao gani?"

"Za daraja. Mwenyekiti alisema juu ya kaburi langu, watu wote wanasikia. 'Mama, pumzika, mbao zinakuja, tutajenga.' Nami nikasema basi, acha niwashikie watoto mpaka zije." Akainua uso wake. Ulikuwa uso wa bibi yeyote unayekutana naye akitoka kanisani, ila umechoka, umechoka sana. "Mtu hawezi kudanganya mbele ya jeneza, au siku hizi anaweza?"

Nilisema, "Hazijaletwa bado, bibi."

"Haya. Natamani kukaa chini hata kidogo. Lakini nikikaa, nani atawashika?"

Akarudi majini, ukungu ukamfunika. Mbeleko yake ilibaki mabegani mwa Faraja.

Nyumbani nilimkuta Baba Faraja anamenya viazi. Nikamweleza huku namkausha Faraja miguu motoni. Wala hakushtuka.

"Mbeleko ya kaniki? Huyo ni Bibi Yudita. Hata mimi amenivusha."

Akanieleza. Yeye akiwa bado hajaanza shule, Bibi Yudita alikuwa anampeleka mjukuu wake zahanati wakati wa masika. Gogo likateleza. Alimrusha mjukuu ukingoni, yeye akachukuliwa na maji. Kwenye mazishi mwenyekiti wa wakati ule akatoa salamu za serikali ya kijiji, na ahadi ya daraja ndani yake. Huyu wa sasa alikuwepo, ameshika koleo. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuzama.

"Kwa hiyo mnajua," nikasema.

"Kila mtu anajua."

"Na hamjafanya kitu?"

"Tufanye nini, Mama Faraja? Tunamwombea kila Jumapili."

"Wewe alipokuvusha, maji yalimfika wapi?"

Akafikiri. "Hayakumfika. Alikanyaga juu, kama sakafu. Nilifika na viatu vikavu."

"Leo yalimfika kiunoni."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. Tukatazamana.

Sasa umeelewa kwa nini nilisimama kwenye ule mkutano? Bibi anazama. Kila mwaka tunaoongeza, yeye anashuka, na mgongoni mwake ni watoto wetu.

"Mke wetu, keti, hoja imepita," mwenyekiti akaniambia. "Wewe umezoea lami ya Makambako, utatuzoea na sisi."

"Nimeshawazoea, mzee. Nina swali moja tu, nikijibiwa naketi. Bibi alipowavusha, maji yalimfika wapi?"

Nikadhani nitaachwa peke yangu pale. Baba Faraja akasimama, kofia mkononi. "Mimi alikanyaga juu," akasema, akabaki amesimama.

Mwalimu wa awali, aliyezaliwa pale pale na ni mdogo kwa mume wangu, akasema taratibu, "Mimi yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kijana mmoja wa bodaboda, nyuma kabisa, akasema, "Magoti."

Nikamteremsha Faraja, nikamsimamisha juu ya benchi. "Mwanangu, waambie wewe yalimfika wapi bibi."

Faraja akaweka mkono kiunoni, halafu akashika miguu yake mwenyewe. "Na mimi hapa. Akasema pole."

Nilimwona mama mmoja mtu mzima akijifunika uso kwa khanga. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alikohoa, akapangapanga karatasi zake, akasema, "Jambo hili tumelipokea. Tutalitazama." Kisha akaendelea na viti vya ofisi. Naapa, viti.

Tokea siku hiyo akina mama wa ng'ambo ya chini tunapeana zamu ya kuvusha watoto, kuna ukungu hakuna ukungu. Kila mwenye zamu anasema kwanza, kwa sauti, "Bibi, leo niko mimi. Wewe kaa chini." Unaweza kutucheka. Lakini pale ukingoni kuna jiwe bapa, na siku za jua, mawe yote yakiwa makavu, lile linakuwa na alama ya maji, pana kama ya mtu aliyekaa na nguo mbichi. Faraja huwa analigusa anapopita, kama anavyomgusa bibi yake mzaa baba.

Na ile mbeleko ninayo. Nimeianika juani, nimeitundika juu ya moto mpaka ikanuka moshi. Haikauki.

Nakuonya wewe unayesoma, popote ulipo. Ukisimama kwenye kaburi la mtu, usiahidi kitu kama bado hujanunua misumari. Aliye hai akichoka kukungoja atakutukana aende zake. Mfu atakungoja.

Sikungoja mwenyekiti alitazame jambo letu. Nilikwenda ofisi ya kata. Afisa mtendaji, kijana mpole, alisoma barua yangu, akairudia tena. "Dada, nikuandikie kama malalamiko ya daraja? Hivi ilivyo itanisumbua." Nikamwambia aipokee kama ilivyo. Nikamwekea mbeleko mezani. Aliangalia maji yanavyotambaa kuelekea kwenye mafaili yake, akafungua droo, akagonga muhuri.

Nakala yangu hii hapa:

*Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.*

*Yah: Malalamiko kuhusu marehemu kuendelea kufanyishwa kazi ya kijiji*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Lyavutwa, ng'ambo ya chini. Ninalalamika kwamba serikali ya kijiji iliahidi daraja mbele ya jeneza la Bibi Yudita, haikulijenga, na tangu hapo imekuwa ikimtegemea yeye kuvusha watoto wetu, bila kumuuliza kama amechoka. Amechoka. Nimemsikia mwenyewe.*

*Ninaomba mbao za msitu wa kijiji zijenge daraja kabla ya viti. Viongozi wanaweza kukaa kwenye mabenchi yaliyopo, yeye hajakaa tangu azikwe.*

*Ninaomba pia daraja likikamilika, mwenyekiti ateremke mtoni yeye mwenyewe, amwambie kwamba kazi imekwisha, na amshukuru.*

*Kielelezo: mbeleko moja ya kaniki, mbichi.*

*Shahidi: Faraja, mwanafunzi wa darasa la awali.*

*Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji.*

*Nakala: Bibi Yudita. Atasomewa mtoni.*