Chanjo Aliyoikataa Dada Kilima

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, wote walimwita Dada Kilima, naye aliitika kwa furaha, maana jina hilo alilitolea jasho.

Walitengeneza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, ule unaowatoa ng'ombe malengelenge ulimini na kuwaacha wakichechemea. Kazi ya Dada Kilima ilikuwa kupima maganda. Kirusi cha ugonjwa huo si kitu zaidi ya uzi mfupi wa maelekezo ya kuzaliana uliofungiwa ndani ya ganda la protini. Ganda hilo halina fundi. Vipande vyake hukutana ndani ya seli ya ng'ombe, vikashikana vyenyewe mpaka vikajifunga. Ndilo linaloukinga uzi safarini, na ndilo linalobisha hodi kwenye seli nyingine. Kiwandani uzi huharibiwa kwa dawa ili usizaliane tena, lakini ganda lazima libaki zima, kwa kuwa mwili wa ng'ombe humjua adui kwa sura ya ganda lake.

Basi kila tangi likiwa tayari, Dada Kilima humimina sampuli taratibu juu ya tabaka za maji ya sukari, nyepesi juu, nzito chini, kisha mrija huzungushwa kwenye mashine kwa kasi ya kutisha. Maganda mazima huzama hadi katikati, yaliyovunjika hubaki juu. Mashine nyingine huusoma mrija na kuchora mstari, na penye maganda mazima mstari hupanda kilima. Akikiona kimesimama vizuri, hupiga kigelegele jengo zima lisikie. Wenzake walishamzoea.

Baba yake alikuwa mfugaji, na likija suala la kumsifu binti yake, mdomo wake haukuwa na breki. Ugonjwa ulipozuka bonde la pili, majirani walitaka kuhamisha mifugo. Mzee akawazuia.

"Mnahangaika nini? Chanjo ya mwanangu inakuja wiki hii!"

Wakamwamini. Wakajenga kando ya barabara uchochoro wa mbao wa kupitishia ng'ombe wakati wa sindano, wakakaa kusubiri.

Asubuhi ya kupakia malori, mstari ukalala. Dada Kilima akarudia kipimo. Ukalala tena, tambarare kama meza. Akashuka hadi kwenye tangi, akachovya karatasi ya kupimia tindikali. Ikawa nyekundu.

"Uliosha na nini?" akamuuliza fundi wa matangi.

"Tindikali, kama siku zote. Ila oda yenyewe kubwa, Dada, nikaosha mara mbili. Nilitaka ling'ae."

"Na kusuuza?"

Fundi akakiri alisuuza mara moja tu, harakaharaka. Lilikuwa kosa la mtu mwenye bidii, na hata kumgombeza ilikuwa vigumu. Kirusi kikishamezwa na seli, tindikali ya mle ndani ndiyo inayolifumua ganda na kuuachia uzi utoke. Sasa usafi wa bwana huyu ulikuwa umeyafumua maganda yote mle mle tangini.

Meneja alikuna kichwa. Si kwamba hakuelewa, alikuwa anatafuta pa kutokea.

"Lakini kipimo cha protini kimepita. Protini zote zimo."

"Zimo, bosi, ila ni vipande. Ni sawa na kumpa mlinzi picha ya mwizi iliyochanwachanwa, umwambie akimwona amkamate."

"Malori yako getini. Na wanaosubiri ni watu wa kwenu."

"Ndiyo maana. Ng'ombe wakidungwa hii, wafugaji watajiona wako salama, watawachanganya, na wote watakwisha."

Meneja akashusha pumzi. "Ikatae. Malori niachie mimi."

Lakini habari ya baba yake hakuwa na wa kumwachia. Akampigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama! Mmefika wapi? Watu wamejaa hapa!"

"Hatuji, baba. Chanjo imeharibika. Imekataliwa."

"Kaikataa nani?"

"Mimi."

Kelele za majirani zikasikika nyuma yake. "Hata ya kwetu?"

"Hata ya kwetu. Watenganisheni ng'ombe leo hii, wasikutane majini wala malishoni."

Simu ikakatika bila kwaheri. Dada Kilima akaingia chooni akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kisha akanawa uso, akarudi kusimamia usuuzaji wa tangi, na safari hii alipima kila bomba mwenyewe.

Tangi jipya lilipokuwa likiandaliwa, ugonjwa ulibisha hodi kwa baba yake. Ng'ombe wakadondokwa na udenda, na ndama wake wote wakafa. Dada Kilima alizipata habari kwa shangazi, maana mzee hakupiga simu. Majirani waliotenganisha mifugo yao na yake walinusurika.

Siku chanjo ilipokuwa tayari, alipanda lori la mbele, roho mkononi. Kwenye uchochoro wa mbao majirani walikuwa wamejipanga na ng'ombe wao. Baba yake alisimama kando, peku, viatu vya zizini ameviacha nyumbani ili asiwaletee wenzake ugonjwa. Dada Kilima alishuka akashindwa kumtazama.

Jirani mmoja akaguna. "Ndama wa mzee wamekufa, naye ana mtoto kiwandani. Sisi tutaiaminije hii?"

Mzee akajitokeza, kifua mbele na miguu yake mitupu.

"Ndama wangu walikufa bila kuchanjwa, maana mwanangu alikataa kunidanganya kwa chanjo mbovu. Ile mbovu alimnyima baba yake mzazi! Sasa wewe ni nani hata akuletee mbovu?"

Akamgeukia binti yake, macho yamelowa, wala hakuyafuta.

"Mama, kilima kilipanda?"

"Kilipanda, baba."

"Basi piga kile kigelegele chako, wasikie."

Akapiga, na jirani yule akaingiza ng'ombe wake wa kwanza.